Mtoto Anayechelewa Darasani: Kaeni na Mwalimu, Muandike Mpango

Tuanze na mfano. Mtoto huyu nimemtunga, si wa kijiji fulani. Lakini nadhani utamfahamu.

Ni mvulana wa miaka 11. Yuko darasa la pili. Mdogo wake wa miaka 9 yuko darasa la tatu. Ukifungua daftari la mvulana huyu utaona mistari iliyopindapinda, basi. Akiulizwa mbili na tatu ni ngapi, anatazama chini. Wenzake wamempa jina baya, na siku hizi yeye mwenyewe analiitikia.

Jioni, mvulana huyu huyu ndiye anayerudisha mbuzi wa baba yake. Ni mbuzi 14. Hawezi kukwambia kuwa ni 14. Lakini mmoja akibaki porini, yeye husimama mlangoni pa zizi na kukataa kufunga. Tena anajua ni yupi hayupo. Atasema, "Yule mwenye sikio lililokatika," kisha anarudi kumtafuta.

Baba yake ameyaona hayo, naye amekata shauri. Anasema: "Huyu shule haimfai. Akae na mbuzi. Kalamu tuwaachie wenzake."

Je, baba amekosea? Nusu amesema kweli. Mtoto hapati kitu shuleni kwa sasa. Lakini si kweli kwamba mtoto hawezi kujifunza. Anayetambua kwamba mbuzi mmoja amepungua katika 14 ana kitu kichwani cha kuanzia hesabu. Taabu ni kwamba mwalimu hajui habari za mbuzi, na baba hajui habari za darasa. Hawa wawili hawajakaa pamoja hata siku moja.

Sekunde ishirini

Kabla ya kumlaumu mwalimu, tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu.

Tuseme darasa lina watoto 90. Madarasa kama hayo yapo, na mengine yana watoto wengi zaidi. Kipindi ni nusu saa, yaani dakika 30. Dakika moja ina sekunde 60. Basi kipindi kina sekunde 1,800. Gawa kwa watoto 90. Kila mtoto anapata sekunde 20.

Katika sekunde 20 mwalimu ataweza kufanya nini kwa mtoto anayechelewa? Atasahihisha hesabu moja, aweke mkosi, apite. Kesho mkosi mwingine. Mwalimu huyo si mbaya. Anafundisha watoto 90 kwa somo moja, kwa mwendo mmoja, na mtoto mmoja au wawili wanadondoka njiani kama maharage kwenye gunia lililotoboka.

Ndiyo maana walimu wanahitaji msaada wetu. Sisemi msaada wa kuwafundishia darasa. Nasema msaada wa kumjua mtoto mmoja, na kupanga naye mambo machache yanayowezekana.

Mpango wa mtoto mmoja ni nini?

Ni karatasi moja, au kurasa mbili za daftari. Inaandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu, kwa jina lake. Inasema mambo haya: mtoto anaweza nini sasa, kinamshinda nini, tunataka aweze nini baada ya wiki chache, nani atafanya nini, na siku gani tutakaa tena kutazama. Walimu waliosomea elimu maalumu huita mpango wa elimu ya mtu binafsi. Wewe ukisema "mpango wa mtoto wangu" mwalimu atakuelewa.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1975 nchi ya Marekani ilipitisha sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu anayesoma shule ya serikali awe na mpango wake ulioandikwa, na mzazi ashirikishwe kuutengeneza. Tangu hapo nchi nyingi zimefuata njia hiyo, kila moja kwa namna yake.

Na sisi Tanzania mwaka huo huo wa 1975 tulikuwa na jambo letu. Mwezi wa Agosti watu wazima nchi nzima walifanya mtihani wa kisomo. Wazee wanakumbuka. Matokeo yalipangwa kwa hatua, kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya nne. Mtu wa hatua ya pili hakuambiwa, "Mbona jirani yako yuko hatua ya nne?" Alianzia pale alipo. Tena vitabu vya kisomo chenye manufaa vilivyoanzia Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 1960 vilimfundisha mkulima wa pamba kusoma kwa habari za pamba, na mvuvi kwa habari za samaki. Hapakuwa na aibu yoyote. Mtu alisoma upesi zaidi kitu alichokijua kwa mikono yake.

Basi mpango wa mtoto ni kitu kile kile, kwa mtoto. Tunauliza: yuko hatua gani? Na pamba yake ni ipi? Kwa mvulana wetu, pamba yake ni mbuzi.

Kwanza masikio na macho

Usianze kuandika mpango kabla ya jambo hili. Watoto wengine wanaoitwa wajinga hawasikii vizuri, au hawaoni ubao.

Nyumbani unaweza kujaribu hivi. Mtoto akiwa anacheza na hakuoni, simama nyuma yake hatua tatu, umwite kwa sauti ndogo. Fanya siku mbili au tatu. Kama hageuki mpaka upaze sauti, kuna jambo. Mtazame pia anavyosoma. Analeta daftari karibu na pua? Anakunja macho akitazama mbali? Anafuata sauti ya mtu badala ya kumtazama? Hiyo si dawa wala kipimo cha daktari. Ni dalili ya kukupeleka zahanati, na hata akifaulu majaribio yako, mpeleke akapimwe kama bado una wasiwasi.

Na sikio linalotoa usaha si jambo la kawaida ya utoto, ingawa tumelizoea. Mtoto ambaye sikio linatoka usaha kila masika anaweza kupoteza usikivu polepole. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani. Mpeleke zahanati.

Mwulize pia mganga kuhusu maradhi ya zamani. Malaria kali iliyofika kichwani, pamoja na degedege lake, inaweza kumwachia mtoto shida ya kukumbuka au ya kusema. Si kila aliyepata degedege, hapana. Lakini mwalimu akijua habari hiyo, ataacha kusema mtoto ni mvivu.

Mama anakwenda shule

Mama wa mvulana wetu alipimiwa mwanawe, na masikio na macho yakaonekana mazima. Siku ya Jumatatu, baada ya vipindi, akaenda shuleni. Mwalimu ni kijana, umri wa mwanawe wa kwanza.

Mwalimu: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba, mwalimu. Hujambo?

Mwalimu: Sijambo mama. Karibu uketi.

Mama: Ahsante. Nimekuja kwa habari za kijana wangu. Sikuja kugombana.

Mwalimu: Mama, na mimi nilitaka kukuita. Huyu kijana hasikii ninachomwambia. Namwambia atoe daftari, aandike tarehe, anakili hesabu ya kwanza. Yeye anatoa daftari, basi. Anakaa.

Mama: Mwalimu, hayo ni mambo matatu.

Mwalimu: Ndiyo.

Mama: Hata mimi nikimtuma chumvi na kiberiti, ataleta chumvi. Nikimtuma chumvi, akaleta, nikamtuma tena kiberiti, ataleta. Moja moja hasahau. Mawili, moja linapotea njiani.

Mwalimu: Kumbe! Hilo sikulijua.

Mama: Na asubuhi yuko vizuri. Jua likishapanda anachoka.

Mwalimu: Hesabu zetu ziko kipindi cha tatu. Mimi nimemwona anapenda kugawa vitabu. Nikimpa vitabu agawe, hakosei dawati hata moja.

Mama: Ndivyo alivyo na mbuzi.

Tazama, ndugu msomaji, kilichotokea hapo. Hayakupita maneno mengi, lakini mwalimu amepata kitu ambacho asingekipata kwa mwaka mzima wa kusahihisha: mwambie jambo moja kwa wakati mmoja. Na mama amepata habari ya vitabu, ambayo nyumbani haionekani. Mwalimu anamjua mtoto akiwa kati ya watoto 90. Mama anamjua akiwa peke yake. Mpango unahitaji yote mawili.

Wazazi wengine wanaogopa kwenda shule. Wanasema, "Mimi nilisoma kisomo tu, nitamwambia nini mwalimu?" Utamwambia kile ambacho chuo cha ualimu hakikumfundisha, yaani mtoto wako. Hiyo ndiyo sehemu yako, na hakuna mwingine mwenye nayo.

Kuchagua jambo moja dogo

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Watu wanaandika: "Ajue hesabu." "Awe na bidii." Maneno mazuri, lakini mwisho wa muhula utajuaje kama ameweza? Mkulima hasemi tu "nataka mavuno mema." Anasema nataka magunia 6 katika eka hii, kisha anahesabu magunia.

Basi mwalimu na mama waliuliza: mtoto anahesabu mpaka ngapi? Kwa mdomo anaimba moja, mbili, tatu, nne, kisha anavuruga. Lakini ukimpa vijiwe avihesabu, kidole kinakimbia mbele ya mdomo. Anagusa vijiwe vitatu na kusema "mbili." Yaani anaujua wimbo wa namba, ila hajajua kwamba kila neno ni la kijiwe kimoja. Hilo ndilo linalomshinda. Kujumlisha kungekuja baadaye sana. Mwalimu alikuwa akimfundisha kuezeka wakati nguzo hazijasimama.

Wakachagua: aweze kuhesabu vijiwe 5 kwa kugusa kimoja kimoja, mwenyewe, bila kukosea. Ni vijiwe vitano tu. Unaweza kucheka kwamba ni kidogo kwa mtoto wa miaka 11. Lakini kitu kidogo kilichoshikwa kinazaa kingine. Kumi isiyoshikwa imemkaa kichwani miaka mitatu na haijazaa kitu.

Njia yenyewe ni hii. Jioni, mbuzi wanapoingia zizini, mtoto anasimama na kopo tupu. Wanaanza na mbuzi wale watano wakubwa tu. Mbuzi mmoja anapita, kijiwe kimoja kinaingia kopo, na neno moja linasemwa: "Moja." Anapita mwingine, kijiwe kingine: "Mbili." Kijiwe hakiingii mpaka mbuzi apite. Mbuzi wenyewe wanamzuia mtoto asikimbie. Wakiisha kuingia, anamwaga kopo chini na kuvihesabu tena bila mbuzi. Akishazoea, anachora mistari mitano kwa kijiti mchangani. Mwishowe ndipo mwalimu anamwonyesha alama hii: 5. Kwanza mbuzi, kisha kijiwe, kisha mstari, kisha namba. Ukianza na namba, mtoto wa namna hii haoni kitu ila kijidudu cha chaki.

Ukurasa wenyewe

Waliandika hivi. Unaweza kunakili na kubadili kwa mtoto wako.

MPANGO WA MTOTO
Anachoweza: Anawajua mbuzi wote wa nyumbani. Anafanya jambo moja akiambiwa moja. Anagawa vitabu bila kukosea. Anashika kalamu vizuri.
Kinachomshinda: Kuhesabu vitu kwa kugusa. Maagizo mawili kwa pamoja. Anachoka saa tano.
Tunachotaka: Baada ya wiki sita, akipewa vijiwe 5 avihesabu mwenyewe, sawasawa mara 4 katika mara 5.
Mwalimu: Atamweka dawati la mbele. Atampa agizo moja moja. Atampa vijiwe wakati wenzake wanaandika hesabu. Atampa kazi ya kugawa vitabu kila siku. Ataomba kipindi cha hesabu kiwe cha kwanza.
Mama: Kopo na vijiwe kila jioni zizini, dakika kumi.
Dada wa darasa la sita: Kucheza naye kwa vizibo vya soda siku za Jumamosi.
Baba: Asubuhi mtoto asichunge. Achunge mchana, akitoka shule.
Siku ya kutazama tena: Ijumaa ya wiki ya sita.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo migumu kuliko yote. Baba alisema nani atachunga asubuhi? Swali la haki. Mbuzi hawangoji wiki sita. Nyumba nyingine zinapatana na jirani wachunge kwa zamu, nyingine zinawafunga mbuzi kamba mpaka saa saba. Lakini kama hakuna mtu atakayechunga, ni afadhali kusema kweli na kuandika "siku nne kwa wiki atakuja shule" kuliko kuandika siku tano na kuja mbili. Mpango wa uongo unamvunja moyo mwalimu kuliko kutokuwa na mpango.

Na tazama kwamba mwalimu hakuandikiwa mambo mengi. Kumweka mtoto mbele hakumpunguzii muda. Kumpa vijiwe wakati wengine wanaandika hakuhitaji kipindi kipya. Ukimwandikia mwalimu wa watoto 90 kwamba amfundishe mtoto mmoja saa moja kila siku, umeandika kitu kisichoweza kutendeka. Mzazi mwenye busara anauliza: "Mwalimu, katika haya, lipi unaliweza?" Kisha analiandika hilo.

Jambo moja liandikwe wazi hata kama linaonekana dogo: mtoto asichapwe kwa kushindwa. Kiboko hakijawahi kumfundisha mtu kuhesabu kile asichokielewa. Kinamfundisha kukaa kimya, na mtoto akikaa kimya mwalimu hajui tena ameshika nini na hakushika nini. Na nyumbani vivyo hivyo. Yale majina mabaya, zezeta na mengineyo, tuyaache sisi kwanza, maana watoto waliyasikia kwetu.

Kamati ya shule ifanye nini?

Mwalimu mmoja na mama mmoja hawawezi kila kitu. Kama kipindi cha hesabu kitabadilishwa, mwalimu mkuu lazima akubali. Kama mtoto hatembei, darasa lake lisiwe lile lenye ngazi. Mlango wa choo uwe mpana, na pawe na gogo la kushikia ndani. Kazi hizo ni za fundi wa kijiji kwa siku moja au mbili. Kamati inaweza kuziamua katika kikao kimoja, bila kungoja fedha kutoka wilayani.

Kamati imwulize pia Afisa Elimu Kata ni nani anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Huyo ndiye wa kuitwa kumtazama mtoto ambaye mwalimu wa kawaida amefika mwisho naye. Wapo walimu waliosomea kazi hiyo. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu.

Watoto wengine, mipango mingine

Nimekaa sana kwa mvulana mmoja kwa sababu watoto wa namna yake ndio wanaosahauliwa. Ulemavu wake hauonekani kwa macho. Lakini mpango si wa watoto wanaochelewa tu.

Mtoto mwenye uoni hafifu anahitaji kukaa karibu na ubao, na mwalimu aseme kwa sauti kile anachoandika. Watoto wenye ualbino wengi wao wana shida hiyo. Mwanga mkali unawaumiza, kwa hiyo wasikae wakitazama dirisha lenye jua. Kofia pana na mikono mirefu ni lazima kwao, hata kama sare ya shule haina kofia. Liandikwe kwenye mpango ili mwalimu wa zamu asije akamvua mstarini. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na ya nukta nundu kwa wasioona. Basi shule ijue mapema, isiwe wiki ya mtihani.

Kwa mtoto anayesikia kidogo, mwalimu asiseme huku ameupa mgongo darasa. Amtazame mtoto usoni. Kiziwi kabisa anahitaji lugha ya alama, na hapa mpango wa shule ya kijiji unaweza usitoshe.

Mtoto mwenye kifafa, mara nyingi akili yake haina shida. Shida ni hofu yetu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa. Mpango wake uandikwe: dawa zake anameza saa ngapi, na akianguka nani afanye nini. Aondolewe vitu vigumu karibu naye, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, na asiachwe peke yake mpaka azinduke. Degedege lisipokoma kwa dakika tano, apelekwe hospitali haraka. Darasa likijua hayo halitakimbia.

Kuna wakati mpango wenyewe unaonyesha kwamba mtoto anahitaji shule nyingine. Tanzania ina shule hizo tangu zamani. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Siku hizi pia viko vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida. Lakini mtoto wa miaka saba kupelekwa bweni mbali na mama yake si jambo dogo. Mimi naona lisiamuliwe kwa sababu mwalimu amechoka, wala kwa sababu nyumbani wanaona aibu. Liamuliwe kwa sababu mmejaribu hapa, mmeandika, mmetazama, na kuna kitu anachohitaji ambacho hapa hakipo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawa na watoto wengine, na haki ya kupokewa shuleni. Na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mtoto wako hatumwandikishi hapa," mwulize kwa adabu akuandikie sababu kwenye karatasi, utie sahihi na yeye atie sahihi. Wengi watabadili maneno. Kama hatabadili, nenda na karatasi hiyo kwa Afisa Elimu Kata.

Lakini nakusihi, usiende na sheria mkononi siku ya kwanza. Siku ya kwanza nenda na habari za mtoto. Mwalimu anayeona umekuja kusaidia atakupa hata saa yake ya chakula.

Ijumaa ya wiki ya sita

Siku hiyo kaeni tena, mtoto naye awepo. Mwalimu aweke vijiwe 5 mezani. Mtoto ahesabu mara tano. Andikeni: mara ngapi sawa, mara ngapi kosa.

Akifaulu, mnachagua jambo linalofuata. Labda vijiwe 8, au kuandika jina lake, au kubeba maagizo mawili. Msiruke mpaka kujumlisha kwa furaha tu.

Asipofaulu, msiseme "tulijua." Someni mpango mstari kwa mstari, muulize: hili lilitendeka? Pengine dada alikwenda kwa shangazi wiki tatu. Pengine vijiwe viliishia shuleni wiki ya kwanza kwa sababu watoto wengine walivirusha. Pengine kila kitu kilitendeka na bado hakuweza. Basi vitano vilikuwa vingi, rudini kwenye vitatu. Kosa liko kwenye mpango mara nyingi zaidi kuliko kwa mtoto, na mpango unaweza kufutwa na kuandikwa upya.

Muandike nakala mbili. Moja ibaki shuleni na moja nyumbani kwako. Walimu huhamishwa. Mwezi wa Januari utamkuta mwalimu mgeni asiyejua habari za mbuzi wala za vitabu, na daftari la shuleni pengine limepotea. Wewe utakuwa na la kwako. Liweke kwenye sanduku pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, juu ya sakafu, mchwa wasilifikie. Na uandike kwa kalamu ya wino.